Pasaka Hii Msituite Nyumbani: Barua ya Wazi kwa Makanisa ya Baptisti ya Bara

Kwa wachungaji, mashemasi na washirika wa makanisa ya Baptisti ya bara, na hasa ninyi mlio na watoto, waume, wake au wanakwaya wanaofanya kazi Garissa, Wajir na Mandera.



Nawaandikia kutoka Modogashe, mpakani mwa Garissa na Isiolo, pale barabara ya Garissa inapokutana na ile ya Isiolo iendayo Habaswein, Wajir hadi Mandera. Mimi ni muuguzi, na ni mmoja wa Wabaptisti wachache tunaokutana hapa kila Jumapili. Karibu sote ni watu wa kazi: walimu, wauguzi, polisi, vijana wa barabara, na akina mama wenye vibanda vya chakula. Hakuna aliyezaliwa hapa. Ramadhani imefika katikati, mvua bado, na simu za kutoka nyumbani zimeshaanza. Mama anapiga, kiongozi wa kwaya anapiga, mchungaji anapiga: Pasaka inakaribia, kateni tikiti mapema, msikae huko sikukuu.

Ombi langu ni moja, na nalitaja mapema ili hata asiyefika mwisho wa barua alijue. Pasaka hii msituite nyumbani. Tutumieni mchungaji mmoja aje akae nasi tangu Jumapili ya Matawi, tarehe 29 Machi, hadi Jumatatu ya Pasaka, tarehe 6 Aprili.

Sisemi hivi kwa kuwa hatuwapendi, wala kwa kuwa tumechoka na ibada zenu za kupendeza. Mwenye mzazi mgonjwa na aende. Mwenye watoto wadogo waliobaki kwa nyanya yao na aende awaone, likizo ni haki yake. Ninaowaandikia juu yao ni sisi wengine, tunaoondoka kwa sababu tu tumezoea kwamba Pasaka ni kitu kinachofanyikia kwingine.

Fikirini majirani zetu wanaona nini. Idi yao tunaijua vizuri. Asubuhi watoto wanapita na nguo mpya, wanawake wamepaka hina, wanaume wanarudi kutoka uwanjani wakipeana mikono, na mchana sahani za pilau zinazunguka nyumba kwa nyumba. Yangu haijawahi kurukwa. Pasaka yetu hawaijui. Wanachokijua ni sisi tukiwa steji Jumatano jioni na mikoba, tukigombania viti vya basi la Nairobi, halafu mlango wa kanisa una kufuli, halafu wiki ya pili tunarudi. Wanaobaki ni wale waliokosa ruhusa: askari aliye zamu, muuguzi wa wodi, kijana wa kibarua asiye na nauli. Hao hawana wa kuwafungulia kanisa, kwa hiyo Jumapili ya ufufuo huwa ndiyo Jumapili tulivu kuliko zote za mwaka.

Mwaka jana jirani yangu, mama wa Kisomali ambaye nilimzalisha watoto wake wawili, aliniuliza kama dini yetu inakataza kusherehekea sikukuu Modogashe. Aliuliza kwa nia njema. Alikuwa ametaka kuniletea maziwa ya ngamia siku ya Pasaka, akakuta nimefunga mlango.

Nimelitafakari swali lake tangu wakati huo. Mtu huonyesha kwamba mahali ni pake kwa vitu vitatu: anapozikia, anapooa, na anaposherehekea. Wafu wetu tunawasafirisha bara, na hilo halina neno, kila jamii ina makaburi yake. Harusi zetu ziko bara. Ikiwa hata Pasaka tunaipeleka bara, basi hapa tumebaki na mshahara tu, na jirani ana kila sababu ya kutuona kama watu waliokuja kuchukua kitu.

Na kama kuna mahali Pasaka inapopaswa kukaliwa, ni hapa, kwa sababu hapa inakuja pamoja na Gu', mvua za masika. Ninyi mlio Limuru au Meru hamjui Machi ya huku. Wakati huu nikiandika, upepo unazoa vumbi tangu saa nne asubuhi. Migunga imekauka hadi inaonekana kama waya. Ng'ombe wamekusanyika visimani, na ukipita barabarani unakuta mizoga ya wale waliokosa nguvu ya kufika. Mtungi wa maji wa lita 20 unapanda bei kila wiki. Katika wodi yetu tunapokea watoto ambao mikono yao naizungusha kwa vidole viwili.

Kisha siku moja kati ya mwisho wa Machi na katikati ya Aprili mawingu yanakuja kutoka upande wa Tana. Ikinyesha mara mbili za maana, hutaamini. Ndani ya wiki moja migunga ina majani. Usiku kumbikumbi wanafunika taa za hospitali hadi tunazima tuendelee na tochi, na vyura ambao hujui walikuwa wapi miezi yote wanapiga kelele mpaka asubuhi. Ngamia wanazaa, maziwa yanarudi sokoni, wafugaji wanaondoka visimani na kutawanyika. Laga nazo, yaani mito ya msimu, zinafurika na kukata njia, na magari yanalala ng'ambo siku mbili au tatu. Mto Ewaso Ng'iro, unaotoka milima ya kwenu, unasambaa kwenye kinamasi cha Lorian kisicho mbali nasi, na nchi iliyokuwa ya kijivu inakuwa na nyasi. Mvua hizi zinaweza pia kutokuja. Kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2023 zilikosekana misimu mitano mfululizo, masika na vuli, jambo ambalo wazee wa hapa walisema hawajaliona. Aliyeingoja mvua kwa namna hiyo, akahesabu mifugo yake ikiisha mmoja mmoja, hahitaji kuelezwa sana maana ya asubuhi ya siku ya tatu. Mimi nimehubiriwa Pasaka tangu utotoni, lakini sijawahi kuisikia ikisemwa kwa nguvu kama ninavyoiona ardhi ya Modogashe ikiisema. Inaniuma kwamba wakati inaposema, sisi tunaoiamini tuko njiani kwenda Nairobi.

Sasa niwaeleze maandalizi yetu, mjue mchungaji mtakayemtuma anakuja kufanya nini.

Wapo watatu wanaongoja ubatizo: binti wa mwalimu mmoja, askari kijana, na fundi aliyekuja na kazi ya barabara akaokoka akiwa kambini. Ni wa kwetu wote, wa kutoka bara. Sisi Wabaptisti tunabatiza kwa kuzamisha, na kule kwenu mnashuka mtoni au mnafungua bomba likajaza birika la kanisa, hakuna anayehesabu. Hapa tunachimba shimo nyuma ya kanisa, urefu mita mbili, upana mita moja, kina mita moja. Tunalitandika turubai, tunakandamiza pembe zake kwa mawe, kisha tunamimina. Linataka lita 2,000, yaani mitungi 100. Maji yanakuja kwa mikokoteni ya punda kutoka kisimani, na mwenye punda anajua thamani ya anachoshusha: ngamia mwenye kiu ya siku nyingi hunywa kama lita 100 akisimama hapo hapo, kwa hiyo ubatizo mmoja ni kinywaji cha ngamia 20.

Tulijadili jambo hili kanisani kwa muda mrefu kuliko jambo jingine lolote. Aliyependekeza tuwapeleke waongofu kwenye bwawa la wafugaji alikataliwa na sote, maana maji ambayo watu wanakunywa hayaingiwi na miguu ya mtu, hata iwe kwa ibada. Mwingine akasema tunyunyizie tu, Mungu ataelewa. Mungu angeelewa, sina shaka, lakini sisi tusingekuwa tumefanya tulichoahidi kama Wabaptisti. Tulichoamua ni hiki: mvua ikiwa imenyesha kabla ya Pasaka, tutajaza shimo zima. Isiponyesha, tutachimba fupi, nusu mita kwenda chini, mwongofu aketi ndani na mchungaji amlaze kinyumenyume. Kwa mitungi 40 anazama kabisa. Na baada ya ibada hakuna tone linalomwagwa. Mara ya mwisho tulipobatiza, mwenye mkokoteni alileta punda wake wakanywa kwanza, kisha mbuzi wa nyumba ya jirani, na watoto wakachota kilichobaki wakapigia udongo wa kuzibia nyufa za ukuta. Sikumbuki ubatizo mwingine ambao maji yake yalifanya kazi nyingi namna hiyo.

Hiyo mara ya mwisho ilikuwa mwezi wa Mei. Mchungaji aliyekuwa safarini kwenda Wajir alilala hapa usiku mmoja kwa sababu laga ilikuwa imekata barabara mbele, tukamdaka. Tulichimba usiku kwa tochi ili abatize asubuhi kabla basi halijaondoka. Ninamshukuru Mungu kwa ile laga. Lakini kanisa halipaswi kutegemea mafuriko ili lipate mchungaji.

Habari ya Meza ya Bwana ni hiyo hiyo. Najua mapokeo yetu hayafundishi kwamba neema inapita mikononi mwa aliyewekewa mikono peke yake, na najua kwamba kanisa la mahali laweza kumchagua mshirika aihudumu Meza. Wengine wenu mmetuambia hivyo kwa simu. Lakini kanisa letu ni la watu waliotoka makanisa tofauti, kila mmoja na alivyolelewa, na wengi wanaona uzito kuumega mkate bila mchungaji. Sitaki kuwalazimisha. Wanachotaka si kikubwa.

Siku ya Matawi watoto wetu watabeba makuti ya mkoma, mti ule ule ambao wanawake wa hapa wanatumia majani yake kusukia mikeka. Ijumaa Kuu tutasoma mateso ya Bwana kuanzia saa tisa alasiri na kumaliza kabla jua halijazama. Jumapili tutaanza ibada baada ya watu wa msikitini kumaliza sala ya alfajiri. Hatuhitaji kengele, adhana ndiyo itakayotuamsha, kama inavyotuamsha siku zote. Kina mama wameomba wao ndio wasome habari za wale wanawake waliokwenda kaburini mapema, na nadhani wana haki.

Kisha kuna mbuzi. Tumechanga, na Jumamosi tutakwenda sokoni kumchagua. Mzee jirani yetu, Mwislamu, amekubali kuja kumchinja. Tumemwomba sisi wenyewe, kwa sababu tunataka majirani waje wale nasi mchana wa Pasaka, na hatutaki mtu aketi mbele ya sahani akiwa na wasiwasi moyoni. Aliposikia kwamba ni kwa ajili ya sikukuu yetu, aliuliza saa, akauliza tutapikia wapi, akasema sufuria zetu ni ndogo na kwamba kwake ipo kubwa ya shughuli, tuichukue. Nataja haya kwa sababu mmoja wenu alituandikia akituonya kwamba nyama hiyo itakuwa imechinjwa kwa jina la dini nyingine. Ndugu, Paulo aliwaandikia Wakorintho sura nzima juu ya chakula na dhamiri ya mwenzako. Naomba uirudie, kisha uje ule nasi.

Wala si mara ya kwanza sikukuu zetu kugusana. Pasaka za 2022, 2023 na 2024 zote ziliangukia ndani ya Ramadhani. Sisi wachache tuliobaki zamu hatukuwasha jiko nje mchana, tulikula baada ya magharibi pamoja na mji wote. Mwaka mmoja chakula changu cha Pasaka kilikuwa tende na sambusa kutoka kwa majirani wa pande mbili, na chai yenye iliki. Nilikula nikiwa na furaha, lakini nilijua kwamba mimi ndiye ninayelishwa katika sikukuu yangu mwenyewe. Mwaka huu Idi itakuwa imepita wiki mbili kabla. Zamu hii tunataka kulisha sisi.

Najua mnachoogopa, na sitajifanya sikijui. Tarehe 1 Julai 2012 waabudu wa kanisa la AIC (Africa Inland Church) mjini Garissa walishambuliwa Jumapili wakiwa ibadani, watu 17 wakafa, na kanisa Katoliki likashambuliwa siku hiyo hiyo. Tarehe 2 Aprili 2015, Alhamisi Kuu, kabla ya mapambazuko, watu wenye silaha waliingia Chuo Kikuu cha Garissa. Wakaua watu 148, karibu wote wanafunzi, na baadhi yao walikuwa wamekusanyika kwa maombi ya alfajiri. Mwaka ule Pasaka ilikuwa tarehe 5 Aprili, kama mwaka huu. Kalenda imerudi ile ile, Alhamisi kwa Alhamisi. Wazazi walioupokea mwili wa mtoto wao Pasaka ile wamo katika makanisa yenu, na siwaandikii wao kuwaambia lolote. Naomba tu nao wajue kwamba Alhamisi ya tarehe 2 tutawaombea watoto wao hapa, katika kaunti walikouawa, na kwamba tungependa aongoze maombi hayo mchungaji aliyetoka kwao.

Lakini kumbukeni pia yaliyofuata, maana hayo husemwa kidogo. Baada ya mashambulizi ya 2012 viongozi wa Waislamu walitangaza kwamba vijana wao watasaidia kulinda makanisa ya Garissa. Tarehe 21 Desemba 2015 basi lilishambuliwa karibu na El Wak, huko Mandera, na wauaji wakawaamuru abiria wajitenge, Waislamu huku na Wakristo kule. Abiria Waislamu walikataa. Mwalimu Salah Farah alikuwa mmoja wao, akapigwa risasi, na mwezi uliofuata akafariki akiwa anatibiwa Nairobi. Taifa lilimpa nishani baada ya kufa. Mimi huwa namkumbuka kila nikipanda basi katika barabara hii. Alitoa uhai wake kwa kukataa kutengwa na watu kama mimi, na kila Pasaka sisi tunajitenga wenyewe, kwa nauli yetu.

Mwajua pia kilichotokea Januari 2020, walimu watatu walipouawa Kamuthe na Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) ikawahamisha kwa wingi walimu wasio wenyeji kutoka kaunti hizi. Tume ilikuwa na wajibu wa kulinda watu wake, siikosoi. Ila mimi nilikuwa nikiwaona watoto wa shule wakizunguka sokoni saa nne asubuhi, madarasa yakiwa hayana mtu wa kuyaingia. Na makanisa madogo kama letu, ambayo nusu ya washirika ni walimu, yalibaki na viti. Aliyetaka tuondoke alipata alichokitaka bila kufika Modogashe.

Kwa hiyo siombi ujinga, naomba kukaa kwa akili. Hatutafanya kesha. Mkuu wa kituo cha polisi na chifu watajua saa za kila ibada. Mchungaji hatasafiri usiku, na atalala nyumba ambayo tumeichagua pamoja na watu wa usalama. Tunaoishi hapa mwaka mzima tunajua siku gani mji umetulia na siku gani haujatulia. Tukimwambia asije, msimtume.

Kuna jambo moja kuhusu namna ya kuja, na nitalisema wazi kwa sababu limetuumiza. Wakati wa ule ukame mkubwa kuna waliokuja na malori ya unga, mabango ya kanisa lao ubavuni, vipaza sauti juu, wakawapanga akina mama foleni na kuwahubiria kabla ya kugawa. Walipiga picha, wakaondoka alasiri hiyo hiyo. Hawakuwa na habari na chifu wala na wazee wa mji, na sisi hatukujua mpaka tuliposikia sauti. Unga uliliwa, ndiyo, watu walikuwa na njaa. Lakini kwa miezi kadhaa nilipoingia nyumba kumwona mzazi, niliona nikitazamwa kwanza mikononi, kama nimebeba kitu kingine pamoja na dawa. Imani haiuzwi kwa kipimo cha kilo, na kanisa linalofanya hivyo linawaachia deni wale wanaobaki nyuma.

Mji huu una desturi yake kuhusu wageni, tena imeandikwa. Mwaka 2001 wazee wa jamii za wafugaji kutoka kaunti hizi, wakati huo zikiwa wilaya, walikutana hapa hapa na kutoa Azimio la Modogashe, baada ya miaka ya kuuana kwa ajili ya malisho, maji na mifugo iliyoibwa. Miongoni mwa waliyokubaliana ni kwamba mfugaji anayetaka kuingiza mifugo katika malisho ya wengine aombe idhini ya wazee wa huko kwanza, kabla hajahama. Hata katika kiangazi. Hata kama wanyama wake wanakufa. Unatuma watu, wanaketi, wanasema tuko wangapi, tuna nini, tutakaa hadi lini, na wenyeji wanajibu. Ikiwa mtu mwenye ng'ombe wanaoanguka anaweza kusimama na kuomba ruhusa, mchungaji mwenye Biblia na begi moja anaweza pia. Ndiyo maana nataka mchungaji wenu aanzie kwa wazee siku atakayofika, aseme ametoka wapi, amekuja kwa ajili ya Wakristo gani, na ataondoka lini. Hawatamkatalia. Watamwambia akae anywe chai, na itakuwa na sukari nyingi, ainywe.

Na akae. Hapo ndipo penye ombi langu lote. Wale wawili wa njia ya Emau walitembea na Bwana njiani bila kumtambua. Walimtambua jioni, walipomshurutisha aingie akae nao na mkate ukamegwa. Sisi tumetembelewa na wengi waliopita tu. Hata kanisa letu katika nchi hii lilianza kwa watu waliokuja kukaa: wamisionari wa Kibaptisti waliofika Kenya mwaka 1956 walipanga nyumba, wakajifunza Kiswahili, wakazika na kuzaa huku. Mnaokutana katika kituo cha mikutano cha Brackenhurst kupanga kazi ya mwaka mnaketi katika matunda ya ukaaji huo. Wiki moja ni kitu kidogo ukilinganisha. Mchungaji mwenye kanisa la watu mia tano ana wasaidizi wa kuhubiri Pasaka moja bila yeye, na washirika wake watasikia Neno hata hivyo. Hapa akikosekana hakuna ubatizo wala Meza.

Mkiniuliza nani anafaa, nitawaambia msitume kijana anayetafuta jina. Tumeni mtu mzima, aliyewahi kufiwa, anayejua Kiswahili cha kuongea na mzee, anayeweza kukaa chini kwenye mkeka saa mbili bila kutazama simu. Ikiwa mke wake anaweza kuja naye, itakuwa baraka mara mbili, kwa kuwa nyumba nyingi hapa mwanamume mgeni haingii, mwanamke mgeni anaingia na kukaribishwa. Asilete chakula cha msaada. Alete nakala za Tenzi za Rohoni, zetu zimeliwa na mchwa na tunaimba watu watano kitabu kimoja. Alete maji ya zabibu ya Meza, maana hapa hayapatikani, na chupa zinazotoka Isiolo zimekuwa zikifika zimechacha. Alete viatu anavyoweza kuvuka navyo tope, kama Mungu atakuwa amejibu maombi ya mji huu wote. Apande basi la mchana kupitia Garissa. Kutoka hapo ni kama kilomita 160, atafika kukiwa bado kweupe, nasi tutakuwa steji.

Ninyi mtakaokuwa mmebaki na viti vitupu Jumapili hiyo kwenye kwaya, msivijaze haraka. Mwambieni kila anayeuliza kwamba mwenye kiti yuko Modogashe, anasherehekea.

Nahitaji jina la mchungaji kabla ya tarehe 18 Machi. Wakati huo Ramadhani itakuwa haijaisha, na baada ya futari wazee wote hupatikana mahali pamoja, niweze kwenda na shemasi mwenzangu kuwaambia nani anakuja na atakaa siku ngapi.

Dada yenu katika Kristo,
muuguzi na shemasi,
Modogashe